MAUMIVU YA MGONGO BAADA YA KUJIFUNGUA NA TIBA YA VIUNGO

Katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, akina mama wengi waliojifungua hurejea mapema kwenye jembe, ndoo ya maji na, kwa wakazi wa Tunduma, mizigo ya biashara ya mpakani. Maumivu ya mgongo yanayowapata huchukuliwa kuwa sehemu ya uzazi isiyo na dawa. Fikra hiyo si sahihi, kwani mengi ya maumivu hayo hupungua kwa tiba ya viungo, yaani mazoezi yanayofanywa kwa utaratibu.

Wakati wa ujauzito, homoni hulegeza kano zinazoshika mifupa ya nyonga, na misuli ya tumbo hutanuka. Baada ya kujifungua, misuli hiyo huchukua majuma kadhaa kabla ya kuutegemeza mgongo ipasavyo. Kufunga tumbo kwa kanga huweza kuleta nafuu ya muda, lakini hakurudishi nguvu ya misuli. Sindano ya ganzi ya mgongoni nayo huweza kuacha maumivu ya siku chache mahali ilipochomwa. Utafiti haujaonyesha kuwa ndiyo chanzo cha maumivu ya muda mrefu.

Zoezi la kuanzia ni jepesi. Mama alale chali, akunje magoti, atoe pumzi taratibu huku akivuta kitovu ndani na kukandamiza kiuno sakafuni. Ahesabu hadi 5, alegeze, kisha arudie mara 10. Aliyefanyiwa upasuaji apate kwanza idhini ya daktari. Wakati wa kunyonyesha aegemeze mgongo na amlete mtoto kwenye titi badala ya kumwinamia. Anapoinua kitu apinde magoti na akiweke karibu na mwili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mkulima na mchuuzi hawana likizo hiyo. Hivyo waume na jamaa wanaombwa kuwapokea kazi nzito kwa majuma 6 ya mwanzo.

Maumivu yasiyopungua yaelezwe katika kituo cha afya, ili mama apewe rufaa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, miguu kukosa nguvu, au homa ni dalili za hatari. Mama mwenye dalili hizo afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.