Kazi Bila Kudai Matunda

Wako wadhanio kuwa Mhindu atafutaye ukombozi wa roho hana budi kukimbilia msituni. Kitabu cha Bhagavad Gita chafundisha njia nyingine: mtu atimize wajibu wake kwa bidii, lakini moyo wake usitekwe na malipo, sifa, wala hofu ya kushindwa. Sadaka hiyo ni ya kuacha tamaa, si ya kuacha kazi.

Gandhi aliijaribu njia hiyo nyumbani mwake. Mwaka 1901, alipokuwa akiondoka Afrika ya Kusini, Wahindi wa Natal walimtunukia vitu vya dhahabu, fedha na almasi. Mkufu mmoja, wa thamani ya gini 50, ulikuwa zawadi ya mkewe, Kasturba. Gandhi aliamua vyote viwekwe amana kwa manufaa ya jamii. Kasturba akapinga kwa machozi: je, taabu yake ya usiku na mchana haikuwa utumishi pia?

Kila aishiye kwa jasho lake atalielewa swali hilo. Sisi twaona lilikuwa la haki. Kujinyima kilicho chako ni sadaka. Kumnyima mwenzio si sadaka mpaka naye aridhie. Atakaye kuacha mali, na aanze kwa kuacha kiburi chake.