Siku Moja ya Matembezi Bruxelles

Hapa Bukavu ni jamaa chache zisizo na ndugu aliyekwenda Bruxelles, mji mkuu wa Ubelgiji, au aliyejaribu kwenda. Nasi mwezi wa Agosti 2019 tulialikwa huko na shemeji yetu kwenye harusi, tukaenda: baba, mama, kijana wetu wa miaka 14 na dada yake wa miaka tisa. Harusi ilipokwisha, ikabaki siku moja ya kutembea. Hiyo ndiyo tunayotaka kuwasimulia, wasomaji wapenzi.

Kwanza ulitokea ugomvi mdogo. Kijana alitaka kuona Atomium, ule mnara wa mipira tisa ya chuma, wenye urefu wa mita 102, uliojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya mwaka 1958. Mama yake alitaka kwenda Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Afrika, maana yeye ni mzaliwa wa Mwenga, na tangu utoto alisikia kwamba vitu vya wazee wa Kirega vimewekwa huko. Mama akashinda. Kijana akanuna hata saa sita.

Asubuhi tulianza na Grand-Place, uwanja wa zamani katikati ya mji. Nyumba zake zimesimama bega kwa bega, nyuso zake zimenakshiwa kwa mawe na kupakwa dhahabu. Na juu kabisa ya mnara wa nyumba ya mji yuko Malaika Mkuu Mikaeli akimkanyaga Shetani. Mgeni hudhani yote hayo yamesimama hivyo tangu zamani za kale. Kumbe mwaka 1695 majeshi ya Mfalme wa Ufaransa yaliupiga mji kwa mizinga, na nyumba karibu zote za uwanja huo zikateketea. Wenyeji wakazijenga upya kwa miaka michache tu. Sisi tulioona vita vya 1996 na vya 2004 katika mitaa yetu, tulisimama pale kitambo kirefu kuliko walivyopenda watoto.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hata Manneken-Pis, sanamu mashuhuri ya mtoto anayekojoa. Urefu wake haufiki mita moja. Binti yetu alimtazama, kisha akauliza: “Papa, ni huyu tu?” Ndiyo, ni huyu tu, lakini ana mavazi zaidi ya elfu moja, aliyopewa na watu wa nchi nyingi. Hapo hata mwenye kununa akacheka.

Saa za chakula tulikwenda Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Sombe, samaki wakavu, vitenge, vinyozi, vyote viko, na Kilingala kila upande. Mama mmoja muuza mboga alitusikia tukisemezana, akaita: “Jambo, papa! Jambo, mama! Munatoka Bukavu?” Karibu na hapo kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018.

Mchana tulipanda tramu namba 44, ipitayo msituni hata Tervuren. Jumba la makumbusho lilianzishwa na Mfalme Leopold II, na jengo lake la sasa lilifunguliwa mwaka 1910, baada ya kufa kwake. Lilifungwa miaka mitano kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Kuna tembo mzima aliyekaushwa, na mtumbwi wa mti mmoja wenye urefu wa mita zaidi ya 20. Lakini mama alipita vyote, akatafuta vya Warega, akavipata: vinyago vidogo vya mbao, vyenye nyuso nyeupe na ndevu za nyuzi. Hivyo vilikuwa vya wazee wa Bwami, waliovitumia pamoja na methali kuwafundisha watu mwenendo mwema. Mama hakusema neno. Kijana ndiye aliyeuliza: “Walivinunua au walivichukua?”

Swali hilo si jepesi. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa, vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Tena mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikataza Bwami, na mzee aliyekatazwa desturi yake hauzi kama auzavyo mtu huru. Nasi tuliolelewa na misheni hatuwezi kuficha kwamba huko pia wazee wengi waliambiwa waviache vitu hivyo. Tulimjibu mtoto hivyo hivyo.

Katika chumba kimoja ukutani yameandikwa majina zaidi ya 1,500 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Ya Wakongo hayakuwapo. Basi msanii wetu Freddy Tsimba ameandika kwenye vioo vya dirisha majina ya Wakongo saba. Jua likiangaza, kivuli cha majina yao huanguka juu ya yale ya ukutani.

Saba hao ni nani? Mwaka 1897 Leopold alileta Wakongo 267, akawaweka katika vijiji vya maonyesho humo bustanini, Wazungu waje kuwatazama. Watu wakawatupia vyakula, hata likatundikwa tangazo kwamba Weusi hulishwa na wenye maonyesho. Kiangazi kile kilikuwa cha mvua na baridi. Saba wakaugua, wakafa.

Makaburi yao yako nje ya kanisa la Mtakatifu Yohane, kando ya ukuta: mawe saba, kila moja na jina lake. Binti yetu alisoma kwa sauti: Ekia, Kitukwa, Mibange, na wenzao. Upepo ulikuwa ukivuma, naye alikuwa amevaa sweta, ingawa ni Agosti. Akauliza kama wao walipewa sweta. Tukamwambia hatujui. Tukawasalia kwa Kiswahili, kijana akiongoza, kisha tukashuka kituoni, maana shemeji alikuwa akitungoja na ugali.