Rambirambi siyo fidia, usisaini!

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya mitoko na mapenzi, tuongee jambo lisilopendeza masikioni. Mtu wako akigongwa na gari akafa, Mungu apishie mbali, unajua utamdai nani? Nimewauliza washikaji kijiweni. Wa kwanza akanikata kauli: "Umdai nani bwana, si kazi ya Mungu?" Wa pili akasema dereva atafungwa, basi, haki imetendeka. Wa tatu, mtoto wa mjini kweli kweli, akasema mwenye gari akileta rambirambi ya maana yameisha.

Hayajaisha! Na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2023, lilikadiria kuwa barabara zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka duniani kote, na kwamba kwa watu wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali. Hesabu miaka yako. Ni sisi hao. Hapa kwetu tunakumbuka zile ajali zilizotoa nchi nzima machozi: kontena lililoangukia basi pale Changarawe, Mafinga, tarehe 11 Machi 2015, wakafa watu zaidi ya 40, na wale watoto 32 wa shule, walimu wawili na dereva, waliotumbukia korongoni Karatu tarehe 6 Mei 2017. Huko viongozi walifika, magazeti yakaandika. Lakini anayegongwa peke yake jioni akiwa juu ya bodaboda, nani anafika? Anafika mtu wa mwenye gari, na bahasha.

Nilimwona kwa macho yangu. Oktoba 2023 nilikuwa kwenye msiba Mbagala. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, umri miaka 27, kaacha mke na mtoto wa miaka miwili. Alikuwa anarudi kutoka kazini kwa bodaboda, lori likawapitia kwa nyuma Barabara ya Kilwa. Dereva wa bodaboda akavunjika mguu, yeye hakufika hospitali. Mimi kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka na kidato cha nne changu mkononi, nikapewa daftari la michango.

Siku ya pili baada ya kuzika akaingia mtu mzima mmoja, shati limenyooshwa pasi, nyuma yake kijana kabeba kiroba cha mchele. Akasalimia vizuri, akatoa pole, akasema katumwa na mwenye lori. Akatoa bahasha: shilingi laki nane. Watu wakashukuru. Kisha akatoa karatasi.

"Mzee wangu," akamwambia baba wa marehemu, "hii ni kumbukumbu tu ya ofisi. Weka dole gumba hapa."

Baba wa watu keshanyoosha mkono! Mama mdogo wa marehemu, ambaye anauza samaki Feri na kwenye hesabu hachekei mtu, akanigeukia: "We mwanangu mwenye daftari, hebu tusomee kwa sauti kwanza."

Nikasoma. Mistari sita. Wa nne ulisema familia imepokea malipo kamili na ya mwisho, na haitamdai mmiliki, dereva wala kampuni ya bima kitu chochote.

"Ndiyo kumbukumbu hii?" mama mdogo akauliza. "Baba, rambirambi tumepokea, Mungu akulipe. Hicho kikaratasi rudi nacho."

"Lakini mama, hela imekuja na karatasi yake."

"Basi siyo rambirambi, baba. Hiyo ni bei. Na sisi hatujakaa kupanga bei."

Bahasha ikarudi mfukoni. Mchele ulibaki.

Kuna wazee pale walinung'unika, eti laki nane siyo haba kwa watu waliofiwa na deni la jeneza juu. Siwalaumu. Njaa haina subira. Lakini mimi kile kikaratasi kiliniwasha, nikamtafuta wakili mmoja ninayemfahamu, nikamganda hadi akanieleza yote. Ninayokuandikia ni ya kwake, lugha tu ndiyo yangu.

Jambo la kwanza ambalo wengi hatulijui: ajali moja inazaa kesi mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni ya Jamhuri dhidi ya dereva, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, kwamba kasababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Kwenye kesi hii familia siyo mwenye kesi. Nyinyi ni mashahidi tu, au watazamaji. Dereva akipigwa faini, ile faini inakwenda serikalini, mjane haoni hata senti. Nimewahi kuona watu wanatoka mahakamani wanalia: "Yaani roho ya mtoto wetu ndiyo faini hiyo?" Hapana. Ile siyo bei ya roho, ni adhabu ya dereva. Hakimu akishamtia mtu hatiani anaweza pia kumwamuru alipe fidia, ila lazima mwendesha mashtaka akumbushwe kuiomba. Msikae kimya.

Kesi ya pili ndiyo yenu: ya madai. Anadaiwa dereva, na anadaiwa mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi yake. Tajiri hawezi kukunja nne akasema "mimi nilikuwa nyumbani nimelala". Sheria ya madai ya vifo vya ajali, Sura ya 310, iko vitabuni tangu enzi za mkoloni, na inawataja wanaofidiwa: mke, mume, wazazi, watoto.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo familia nyingi zinapoumia. Watu husema: "Kesi ya polisi haina hela, tuachane nayo, tusubiri yetu." Kosa kubwa! Sheria yetu ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi usiopingika kwenye kesi nyingine. Dereva akitiwa hatiani, kwenye kesi ya madai hamna haja ya kuanza upya kuthibitisha kuwa alikosa. Lakini upanga huo unakata kuwili. Mashahidi wasipotokea, yule mwenye duka aliyeona kwa macho akaona uvivu kwenda, dereva akaachiwa huru, basi tambua kuwa keshaandikiwa kuwa hana hatia, na wakili wa upande wa pili atakuja na hukumu hiyo mkononi huku anatabasamu. Kwa hiyo ile kesi isiyo na hela ndiyo inayofungua au kufunga mlango wa hela. Mjue namba yake, mjue tarehe zake, muwatafute mashahidi, na ikibidi muwape nauli.

Hela yenyewe inatoka wapi? Mwenye lori anaweza kuwa kafilisika. Hapa ndipo bima inapoingia. Kwa Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, hakuna gari linaloruhusiwa kutembea barabarani bila angalau ile bima tunayoiita ndogo, thedi pati. Madereva wengi wanaidharau, wanaikata ili trafiki asiwasumbue. Lakini huyo "mtu wa tatu" anayetajwa humo ni nani? Ni wewe mpita njia! Bima ndogo haitengenezi gari la tajiri hata taa moja. Ipo kwa ajili ya aliyegongwa na watu wake.

Zamani mambo yalikuwa rahisi, maana kampuni ilikuwa moja tu, Shirika la Bima la Taifa, hadi soko lilipofunguliwa miaka ya 1990. Siku hizi kampuni zimejaa, hivyo lazima ujue lori limekatiwa wapi. Namba ya gari inatosha: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa kuhakiki kwenye intaneti, unaingiza namba unaona gari lina bima au halina, na ya kampuni gani. Halafu familia inaiandikia kampuni ile moja kwa moja, ikiambatanisha ripoti ya polisi, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na cheti cha kifo. Madai mengi yanaishia hapo hapo mezani bila kufika kwa hakimu. Wakikupa kiasi cha kukutania, usisaini kwa hasira wala kwa shida. Upo usuluhishi wa migogoro ya bima ulioanzishwa na Sheria ya Bima ya 2009. Na mkiamua kwenda mahakamani, kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, kabla ya kufungua au mara tu mkishafungua. Ukishinda bila kuitaarifu, itakuja kusema haikujua lolote, na sheria itaisikiliza.

Wakili akaniuliza: "Marehemu alikuwa anaingiza kiasi gani?" Nikacheka. Fundi wa mageti wa Mbagala ana hati ya mshahara? Akaniambia usicheke, hapo ndipo fidia inapopatikana au kupotea. Mahakama inatazama umri wa marehemu, kipato chake, na nani alikuwa anakula kupitia mkono wake. Kijana wa miaka 27 alikuwa na miaka mingi ya kazi mbele yake. Lakini uthibitishe! Tukarudi nyumbani tukapekua. Likapatikana daftari lake la oda za wateja, la mafuta mafuta, lina majina na bei. Rekodi za miamala ya simu zikaombwa. Mweka hazina wa kikoba chake akatoa kitabu cha hisa. Mwenye nyumba akaandika barua kuwa kodi ilikuwa inalipwa na marehemu. Vijana wenzangu mnaojiajiri, mama lishe, kinyozi, mshona nguo, hebu andikeni mauzo yenu. Siyo TRA peke yao wanaoweza kuyahitaji.

Likaja la mirathi, na hapa nusura watu wapigane. Kesi ya namna hii kwa kawaida hufunguliwa na msimamizi wa mirathi kwa niaba ya wategemezi. Kaka wa marehemu akasimama kwenye kikao cha ukoo akasema asimamie yeye, kwa kuwa "mwanamke bado mbichi, ataolewa, hela itakwenda kwa bwana mwingine". Kimya kikatanda. Mjane kainamisha kichwa tu. Nilichojifunza kwa wakili ni kwamba fidia hii siyo shamba la babu la kugawana ukoo mzima. Ni ya wale waliotajwa na sheria, na mahakama ndiyo inayosema nani apate kiasi gani. Mwishowe baba mkwe mwenyewe akakata shauri: wakasimamia wawili, yeye na mkwewe. Muhtasari wa kikao ukaandikwa (na nani tena, kama siyo mimi), cheti cha kifo kikachukuliwa RITA, wakaenda Mahakama ya Mwanzo. Fanyeni mapema, maana madai yana ukomo wake kisheria, na mwaka wa msiba unakimbia kuliko mwingine.

Jihadharini na vishoka. Wanazagaa hospitalini na vituoni, wanajua ajali kabla ya ndugu. "Nipe makaratasi, nitakufuatilia, tukilipwa tunagawana." Ukimpa nakala halisi umekwisha. Wakili wa kweli ana leseni na ana ofisi. Asiye na uwezo asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada wa bure, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wamekuwa wakiwasikiliza watu kwa miaka mingi. Na kama marehemu alikuwa mwajiriwa na alifia kazini, tuseme utingo au dereva wa kampuni, wategemezi waende pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko hakuna kubishana nani alikosea.

La mwisho ni kwa wewe unayefika wa kwanza eneo la tukio na simu mkononi. Piga namba ya gari, piga alama za tairi, chukua namba za simu za walioona. Lile lori la Barabara ya Kilwa halikusimama, lilikamatwa Kongowe kwa sababu muuza machungwa mmoja aliiandika namba yake kwa kalamu kwenye boksi. Wenye simu pale walikuwa zaidi ya kumi. Tulizunguka kuwaomba picha zao. Zote zilikuwa za marehemu.