Fahamu: Mtoto anavyojifunza fikra za kikompyuta bila kompyuta

Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu za kompyuta kwa shule za msingi na sekondari. Je, shule isiyo na kompyuta ianzie wapi?

Ianze na fikra zenyewe: kugawa tatizo kubwa vipande vidogo, kutambua kinachojirudia, kuweka kando yasiyohusika na kupanga hatua kwa utaratibu.

Inafanyikaje?

Miaka ya 1990, Tim Bell, Ian Witten na Mike Fellows waliandaa michezo iitwayo CS Unplugged. Katika mmojawapo, watoto watano husimama mstari mmoja wakiwa na kadi zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Wakitakiwa kuonyesha 9, wenye 8 na 1 huonyesha nukta zao. Wengine hugeuza kadi. Kadi hizo tano zinatosha kwa namba zote kuanzia 0 hadi 31. Kompyuta nayo huhifadhi namba hivyo hivyo, kwa alama mbili tu, kama kadi iliyoonyeshwa na iliyogeuzwa.

Kwa nini ni muhimu?

Jibu likikosewa, watoto hurudia hatua na kuitafuta kasoro wenyewe. Ujuzi huo hauhitaji umeme. Unahitaji vipande vya katoni, kalamu na mwalimu aliyeandaliwa vizuri. Tusiwacheleweshe watoto kwa kusubiri vifaa.