Pikapu ya viazi ipimwe upepo kabla ya safari

WANAOSAFIRISHA viazi Njombe na Makete katika baridi ya Juni hadi Agosti huhesabu magunia kwa makini, lakini upepo wa matairi hujazwa kwa kukisia.

Hewa husinyaa kwa baridi. Kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi la pikapu hupungua karibu paundi moja. Gari lililojazwa upepo mchana, matairi yakiwa bado ya moto, laweza kukutwa alfajiri limepungukiwa paundi 5 au zaidi. Ndipo linapopakiwa lumbesa! Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, huchemka na kupasuka. Viazi hubaki barabarani, na lori lililokuwa likisubiri Makambako huondoka.

Kipimo sahihi kimo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Mara nyingi kuna namba ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo tu. Upepo upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, au gari likishapumzika kwa muda wa saa 3. Geji ikionyesha ziada njiani, dereva asipunguze. Hilo ni joto la mwendo.