Gari Dogo Kwenye Theluji: Magurudumu Manne Yanayosukuma Yanasaidia Wapi?

Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliangalia jinsi baridi kali inavyoidhoofisha betri na kuyafanya mafuta ya injini kuwa mazito. Leo tunaingia kwenye uamuzi unaogharimu zaidi. Kila mwaka, Oktoba inapoelekea ukingoni, ndugu zetu walioko Portland na Lewiston katika jimbo la Maine, walioko Buffalo, Minneapolis au Montreal, huanza kuzunguka kwenye yadi za magari yaliyotumika wakitafuta gari dogo lililoinuka: RAV4, CR-V, Forester, Tucson. Muuzaji hutaja bei, kisha hutoa maneno yanayomaliza mjadala: hili linasukuma kwa magurudumu yote manne. Mnunuzi aliyekulia Bukavu au Kericho, aliyeona kwa macho yake fowili zikipenya kwenye tope huku saluni zimelala mtaroni, haoni sababu ya kuuliza zaidi.

Sababu ipo. Kwenye tope dereva anaogopa kukwama. Kwenye barafu kukwama ni usumbufu tu. Kinachoua ni kushindwa kusimama na kushindwa kukata kona. Magurudumu manne yanayosukuma ni dawa nzuri ya kukwama. Katika kusimama hayaongezi chochote, na katika kona mchango wake ni mdogo.

Historia yenyewe ya magari haya inalionyesha jambo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa theluji, bila kuwatesa kwa baridi na mtikisiko wa jipu. Ombi hilo ndilo lililoisukuma Subaru hadi ikatoa Leone ya magurudumu manne mwaka 1972. Miaka michache baadaye mhandisi wa Audi, Jörg Bensinger, akiwa kwenye majaribio ya theluji nchini Finland, aliona jipu dogo la Volkswagen liitwalo Iltis likiyaacha nyuma magari yenye injini kubwa kuliko yake. Januari 1978 gari la majaribio lililozaliwa na wazo lake lilipanda mlima wa Turracher Höhe, Austria, kwenye mwinuko wa asilimia 23, likiwa na tairi za kiangazi. Mwaka 1980 Audi Quattro ikazinduliwa Geneva. Tazama walichokuwa wakikipima: kupanda. Gari lilidaiwa lifike juu, na likafika. Kushuka mlima huo huo kwa tairi zile zile ni mtihani mwingine kabisa.

Tuingie chini ya gari. Katika magari mengi madogo ya aina hii, injini husukuma magurudumu ya mbele kwa muda mwingi. Nguvu ya kwenda nyuma hupita kwenye propela shafti hadi kwenye klachi iliyo mbele ya difu ya nyuma. Kompyuta ikihisi kwamba tairi za mbele zinazunguka bila kushika, au ikiona kwamba dereva amekanyaga mafuta kwa nguvu gari likiwa limesimama, huibana klachi hiyo, na magurudumu ya nyuma yakapokea sehemu ya kazi. Subaru kwa kawaida hupeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote. RAV4 ya haibridi haina propela shafti kabisa. Magurudumu yake ya nyuma yana mota yake ya umeme. Njia ni tofauti, lengo ni moja: kuigawa kazi ya kusukuma kwa tairi nne ili tairi moja isibebeshwe kuliko uwezo wake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Mshiko wa tairi ni kibaba kimoja cha unga: ukiumaliza wote kwenye uji, ugali haupo. Kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona vyote vinachota humo humo. Lami kavu hukupa kibaba kilichojaa, theluji iliyokanyagwa ikashindiliwa hukupa robo hivi au theluthi, na barafu hukuachia chini ya hapo sana. Magurudumu manne yanayosukuma hayakiongezi kibaba; yanakusaidia kukitumia vizuri wakati wa kuondoka tu. Kwa upande wa kusimama, kila gari lililoko barabarani, hata saluni ya bei ya chini kabisa, lina breki kwenye magurudumu yote manne tayari.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, tangu breki zinaposhika, lami kavu hulisimamisha ndani ya mita 14 hivi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa zinahitajika kama mita 40. Kwenye barafu laini hufika karibu mita 100, na hapo hatujahesabu sekunde ambayo dereva ameitumia kung’amua hatari. Katika hesabu hiyo hakuna mahali pa kuandika idadi ya magurudumu yanayosukumwa na injini.

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji hawaitaji, nami naiona kubwa kuliko zote. Gari linalosukuma kwa magurudumu mawili humwonya dereva wake mapema. Anapotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu, tairi za mbele huvuma na kuzunguka bure, taa ya kuteleza humwekamweka kwenye dashibodi, naye anajua kabla ya kumaliza mtaa kwamba leo barabara ni mbaya. Gari la magurudumu manne huondoka kimya, limetulia, kana kwamba ni Julai. Dereva hupata imani, hufika kilomita 60 kwa saa bila bughudha, na mara ya kwanza anapoambiwa ukweli ni anapokanyaga breki kwenye makutano. Makutano ndiyo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu mamia ya magari yaliyosimama hapo tangu jana yameisugua theluji mpaka ikawa kioo. Anasikia pedali ikitetemeka chini ya unyayo, mkwaruzo wa ABS ukipiga haraka haraka, na gari linaendelea kwenda mbele.

Kwa hiyo mtu anayehamia kwenye baridi aanze kwenye tairi. Mpira wa tairi ya kiangazi hukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na wa tairi za misimu yote nao hupoteza ulaini kadiri baridi inavyozidi. Mpira wa tairi za theluji umechanganywa ubaki laini, na kashata zake zimechanjwa kwa mamia ya mikato myembamba inayofunguka na kuing’ata theluji. Ukitaka kuzitambua, chuchumaa utazame ubavuni: tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Huo hupewa tairi iliyopimwa kwenye theluji ikafaulu. Herufi M+S peke yake hazitoshi, maana zinaeleza umbo la kashata tu. Zipo pia tairi za mwaka mzima zenye mchoro huo wa mlima. Kwa anayeishi ghorofani bila mahali pa kuhifadhia seti ya pili, hizo ni nusu shari inayokubalika. Na tairi za theluji zifungwe zote nne. Ukifunga za mbele tu, mbele itashika na nyuma itakupita.

Serikali zenyewe zimelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Quebec, tangu mwaka 2008, inalazimisha tairi za theluji kwenye magari madogo. Siku hizi kipindi chake ni kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, na kuwa na magurudumu manne yanayosukuma hakumwondolei mtu wajibu huo. Colorado, kwenye barabara kuu ya I-70 inayokatisha milimani, inaliruhusu gari la magurudumu manne lipite bila tairi za theluji mradi kashata zina kina cha milimita 5 hivi. Sheria ya Colorado inalenga zaidi kuzuia magari yasikwame mlimani na kuifunga njia. Ya Quebec inamfikiria pia mtu aliyesimama mbele ya gari lako, na kwa hilo naiunga mkono.

Hata hivyo kuna watu ambao gari la magurudumu manne linawafaa kweli. Anayeishi juu ya kilima, au anayelazimika kutoka kabla magari ya kukwangua theluji hayajapita, hana muda wa kusubiri. Magari hayo yenyewe huacha tuta la theluji nzito mdomoni mwa kila njia ya nyumba. Kulivuka tuta hilo kwa magurudumu mawili ni kazi ya koleo na jasho. Muuguzi wa zamu ya usiku ana haki ya kulipa dola 1,500 za ziada, ambazo ndizo takriban tofauti ya bei kwenye gari jipya la namna hii, ili asikwame. Lakini azilipe akiwa ameshatenga fedha za tairi. Akiwa na fedha za kimoja tu, achukue gari la magurudumu mawili ya mbele alivalishe tairi nne nzuri za theluji.

Anayenunua lililotumika asiamini nembo ya nyuma peke yake. RAV4, CR-V na Tucson huuzwa Marekani kwa namna zote mbili, na kwa sura hazitofautiani. Inama utazame uvunguni: isipokuwa kwenye haibridi za mota ya nyuma, ukikosa propela shafti na difu, hilo ni gari la magurudumu mawili. Kisha pima kashata za tairi zote. Mifumo ya magurudumu manne haivumilii tairi zinazotofautiana mzingo. Subaru huruhusu tofauti ya milimita 6 tu kwenye mzingo. Tairi moja mpya ikichanganywa na tatu zilizolika huifanya klachi au difu ifanye kazi bila kupumzika hadi iungue. Ndiyo maana pancha moja ya ubavuni inaweza kukudai tairi nne kwa mkupuo, gharama ambayo hukuandikiwa kwenye karatasi ya mauzo.

Ukiwa umeinama huko huko uvunguni utaona na kutu, ambayo ni kazi ya chumvi inayomwagwa barabarani. Hiyo ndiyo mada ya sehemu ya tatu wiki ijayo: wapi pa kutazama, kutu ipi inasugulika na ipi ni ya kuliacha gari pale pale kwenye yadi.