Butetown: kitongoji cha mabaharia kusini mwa Cardiff

Ukitoka stesheni kuu ya Cardiff ukashika njia ya kusini, ukapita chini ya daraja la reli, unaingia Bute Street, barabara iliyonyooka karibu maili moja mpaka majini. Upande wake wa mashariki kuna ukuta mrefu wa mawe uliobeba reli. Nyuma ya ukuta huo inapita Lloyd George Avenue, barabara pana yenye safu za miti na maghorofa mapya. Upande wa huku kuna nyumba za halmashauri, msikiti wenye kuba, na majengo mawili ya ghorofa 16 yanayosimama juu ya Loudoun Square. Hapa ni Butetown. Mabaharia wa dunia nzima walipajua kwa jina la Tiger Bay.

Wasomaji wetu wengi walio Uingereza wamezoea kusikia kwamba Waafrika walianza kuingia nchi hii kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Butetown inakataa hadithi hiyo. Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi waliweka makazi hapa tangu karne ya 19, wakaoa, wakazaa, wakazikwa. Kuna familia za kitongoji hiki ambazo zimekuwa za Wales kwa vizazi vinne au vitano, na bado vijana wao huulizwa wametoka nchi gani.

Jina la mahali limetokana na mwenye ardhi. John Crichton-Stuart, Marquess wa pili wa Bute, alikuwa na mashamba makubwa juu ya miamba ya makaa ya mawe kusini mwa Wales, na mwaka 1839 alifungua gati lililojengwa kwa fedha zake mwenyewe. Mitaa iliyochorwa kando ya gati ikapewa majina ya ukoo wake. Mount Stuart, kwa mfano, ni kasri lao kwenye kisiwa cha Bute huko Uskochi. Mwaka 1801 Cardiff ilikuwa na watu wasiofika 2,000. Miaka 100 baadaye walizidi 160,000. Mwaka 1913 magati yake yalisafirisha zaidi ya tani milioni 10 za makaa, na katika Soko la Makaa la Mount Stuart Square, lililofunguliwa mwaka 1886, wafanyabiashara walipanga bei zilizosikika katika bandari zote ambako meli za mvuke zilitia nanga.

Hapo mwanzo Loudoun Square ilikuwa makazi ya manahodha na matajiri wenye meli. Moshi na kelele za bandari zilipozidi walihamia juu, mbali na maji, na nyumba zao kubwa zikagawanywa vyumba na kuwa nyumba za kupangisha mabaharia. Mwenye nyumba, mara nyingi baharia mstaafu wa kabila lilelile, alimpa mgeni kitanda na chakula kwa mkopo mpaka apate meli, na deni likalipwa aliporudi na mshahara. Mpangilio huo wa kupokeana ulimwezesha mtu wa Hargeisa kushuka Cardiff bila senti mfukoni na bado akalala akiwa ameshiba.

Yapo makaa katika kila sehemu ya habari hii. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, Aden ikawa kituo kikubwa cha meli za mvuke kuongeza makaa, na makaa yenyewe yalitoka Wales. Palepale Aden makampuni ya meli yaliajiri Wasomali na Wayemeni kuchochea moto wa boila, kazi ya joto kali chini kabisa ya meli, iliyolipwa kidogo kuliko walivyolipwa Wazungu. Makaa yalikwenda Aden, watu wakaja Cardiff. Pwani yetu nayo haikuwa mbali na mkondo huo: manowari za Kiingereza zilizozunguka maji ya Zanzibar katika karne hiyo ziliandika wanaume wa pwani kwa kazi zizo hizo za sulubu.

Wengi wa mabaharia hao walikuja bila wake, wakaoa wanawake wa Wales, wengine mabinti wa wachimbaji makaa kutoka mabonde ya kaskazini. Wanawake hawa hawajapewa nafasi yao katika historia. Mume akiwa baharini miezi mingi, wao ndio walioshika nyumba, wakalea watoto katika dini ya baba yao, na wakavumilia matusi ya ndugu zao wenyewe waliowakana. Mchanganyiko uliokua hapo ulijumuisha pia Wanorwe, Waairishi, Wamalta, Wachina na watu wa Cape Verde. Wakazi wa zamani wanapenda kusema mataifa 50 yaliishi ndani ya kitongoji ambacho mtu anakimaliza kwa miguu chini ya nusu saa.

Hatari ilitoka nje. Juni 1919, vita vimekwisha na ajira za melini zimepungua, askari waliorudi walikuta wanaume weusi kazini, tena wengine na wake weupe. Jioni ya tarehe 11 kikundi cha wanaume weusi na wake zao kilikuwa kinarudi matembezini kwa gari la farasi, kikashambuliwa, na ghasia zikaendelea siku kadhaa. Watu watatu walikufa. Nyumba ya Wasomali ya Millicent Street ilivunjwa na kuchomwa. Baharia Msomali, Ibrahim Ismaa'il, aliandika baadaye kumbukumbu za maisha yake na kueleza namna wenzake walivyojitetea usiku ule. Maandishi yake ni hazina, kwa kuwa karibu kila kitu kingine tunachokijua kuhusu siku hizo kimetoka kwa polisi na magazeti. Mwaka 1925 serikali ilitoa amri iliyowalazimisha mabaharia weusi wasio na hati kujiandikisha polisi kama wageni. Wengi wao walikuwa raia wa himaya ya Uingereza kwa kuzaliwa, na hapa Cardiff hata wenye hati walisumbuliwa.

Ndani ya kitongoji maisha yaliendelea, na yalikuwa na furaha yake. Sheikh Abdullah Ali al-Hakimi, Myemeni wa tarika ya Shadhiliya, ile inayofuatwa pia Ngazija na Zanzibar, alifika miaka ya 1930 na kuanzisha zawiya, madrasa na darasa la wanawake waliosilimu. Msikiti wa Peel Street ulipigwa bomu la Wajerumani mwaka 1941, ukajengwa upya wakati vita bado vinaendelea. Siku ya Idi waumini walitembea mitaani na bendera na kasida, na watoto wa dini zote wakafuata nyuma, maana zawadi za peremende hazikuwa na ubaguzi. Msomaji aliyekulia Lamu au Tanga atautambua msafara huo bila kuelezwa. Mpiga picha Bert Hardy alifika mwaka 1950 kwa niaba ya jarida la Picture Post, na picha zake zinaonyesha watu wa kawaida wakicheza karata, wakinyoa, wakibeba watoto. Ni tofauti kabisa na magazeti yaliyochora Tiger Bay kama pango la wahuni na makahaba.

Sifa hiyo mbaya iliua mtu.

Tarehe 6 Machi 1952 Lily Volpert, mwenye duka la nguo Bute Street, alikutwa amechinjwa. Polisi walimkamata Mahmood Mattan, baharia wa zamani aliyezaliwa Hargeisa, mume wa Laura, msichana wa Wales, na baba wa watoto watatu wa kiume. Hakukutwa na nguo zenye damu wala fedha zilizoibwa. Shahidi mkuu alikuwa ameeleza kwanza sura ya Msomali mwingine, na mtoto wa miaka 12 aliyeletwa kumtazama Mattan alisema siye. Baraza la mahakama halikuambiwa. Wakili wake mwenyewe, akisimama kumtetea, alimwita nusu mshenzi. Alinyongwa katika gereza la Cardiff tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, na Laura alipata habari alipokwenda kumtembelea akakuta tangazo limebandikwa mlangoni.

Familia ilipigania jina lake kwa miaka 46. Februari 1998 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu, ikiwa kesi ya kwanza kupelekwa huko na tume mpya ya kuchunguza makosa ya mahakama. Polisi wa South Wales waliomba radhi Septemba 2022. Wakati huo Laura na watoto wake wote watatu walikuwa wamekwisha kufa. Nadifa Mohamed, mwandishi aliyezaliwa Hargeisa kama Mattan, alisimulia kisa hicho katika riwaya yake ya mwaka 2021, The Fortune Men, iliyofika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker.

Miaka ya 1960 ilikuja na tingatinga. Halmashauri iliamua nyumba za zamani hazifai, ikabomoa mitaa karibu yote ya kati na kujenga maghorofa. Nyumba zilikuwa mbovu kweli, zenye unyevu na vyoo vya nje, na waliopata bafu la maji moto hawakulalamikia bafu. Walipoteza kitu kingine: majirani walitawanywa vitongoji vya mbali, na maduka, mikahawa na kumbi za muziki walikopiga gitaa watu kama Victor Parker hazikurudi. Biashara ya makaa nayo ilikuwa imekufa. Gati la kwanza la Bute lilifungwa mwaka 1964.

Fedha zilirudi baada ya shirika la kuendeleza ghuba kuundwa mwaka 1987. Bwawa lililokamilika mwaka 1999 liligeuza matope ya ghuba kuwa ziwa la hekta 200, na kando yake vikaja ukumbi wa Wales Millennium Centre mwaka 2004 na jengo la bunge la Wales, Senedd, mwaka 2006. Watalii hupiga picha, hunywa kahawa, hurudi mjini kwa Lloyd George Avenue bila kuujua ukuta. Kwa maoni ya mwandishi huyu, huo ndio udhaifu mkubwa wa mradi wote: utajiri ulishuka mwendo wa dakika kumi tu kutoka Loudoun Square, na kwa miaka mingi ulipita pembeni ya watu waliokuwepo.

Waliookoa historia ni wakazi wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 walikusanya picha za familia na kurekodi sauti za wazee katika kituo cha historia na sanaa cha Butetown. Kituo kilifungwa mwaka 2016, lakini makusanyo yaliendelea kutunzwa na chama cha wenyeji. Bila kazi yao tungebaki na majalada ya polisi.

Betty Campbell alikuwa mtu wa aina hiyo. Alizaliwa Butetown mwaka 1934. Baba yake, Mjamaika, alikufa mwaka 1942 meli yake ilipozamishwa vitani. Shuleni alipata ufadhili kwa akili zake, lakini alipotaja ndoto ya ualimu aliambiwa vikwazo vitamshinda. Akawa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi nchini Wales, katika Shule ya Msingi ya Mount Stuart iliyo kitongojini humo, na akafundisha utumwa, historia ya Waafrika na michango ya watu wa bandari wakati ambapo hakuna mtaala uliomtaka afanye hivyo. Baadaye alikuwa diwani wa Butetown. Alifariki mwaka 2017. Sanamu yake ilizinduliwa Septemba 2021 mbele ya stesheni kuu, baada ya wananchi kumchagua kwa kura.

Mwaka mmoja baada ya sanamu hiyo, mtaala mpya wa Wales ulifanya historia na uzoefu wa watu weusi na wa jamii nyingine ndogo kuwa sehemu ya lazima, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Uingereza iliyokuwa imelifanya, na tuzo ya walimu wanaoifundisha vizuri ina jina la Campbell. Wazazi wa jumuiya yetu wenye watoto katika shule za Wales wanaweza kumwuliza mwalimu somo hilo limepangwa muhula gani, na kama ziara ya Butetown imo.